Penye Kuku Wengi: Namna ya Kusoma Riwaya za Ajabu na Wenzako Kwenye Simu

Kundi letu la kwanza lilikufa siku ya 19. Tulikuwa watu 34, tumechagua riwaya nene ya majoka na falme, kila mtu kapania. Usiku huo, saa tano hivi, kaka mmoja aliyekwisha kuimaliza akaturushia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Hata dakika ya kwanza haijaisha, alikwisha kumtaja anayekufa, anayemuua na mahali pa tukio. Kulipokucha watu tisa walikuwa wamejitoa. Waliobaki wakawa wanatumiana salamu za Ijumaa njema, kisha nazo zikakatika.

Kundi la pili lina watu 11 na linaingia mwaka wa nne. Tabia zetu ni zilezile, ila safari hii tuliweka taratibu, na nimeombwa mara nyingi niziandike. Zinafaa kwa riwaya yoyote, lakini zimekatwa kwa kipimo cha riwaya za ajabu: zenye majini, majoka, pete za nguvu na nchi zisizopatikana kwenye ramani ya mwalimu wa jiografia. Raha ya riwaya hizi imo kwenye kutojua. Msomaji wa hadithi ya mapenzi akiambiwa mwisho hununa saa moja akasahau. Msomaji wa fantasia akiambiwa siri ya ulimwengu ule, kitabu kizima kimemfia mkononi.

Hatua ya 1: Watu wachache, na mmoja awe msomaji wa polepole

Watu 34 ni kamati ya harusi: watano wanachanga, waliobaki wanasubiri pilau. Kati ya 6 na 12 panatosha. Chini ya hapo, wawili wakisafiri mazungumzo yanalala. Juu ya hapo, mtu anaweza kunyamaza miezi mitatu na asijulikane kama yupo.

Usijaze kundi kwa watu waliokwisha kusoma kila kitu. Tafuta mmoja ambaye hajawahi kugusa riwaya za aina hii, na mmoja anayesoma taratibu, kurasa tano kwenye daladala na tatu kabla ya usingizi. Huyu wa pili ndiye saa ya kundi. Kwetu ni dada mmoja, muuguzi wa zamu za usiku. Nitamrudia.

Mtu akiomba kuingia, usimuulize anapenda kitabu gani, maana atakutajia kilichotengenezewa filamu. Muulize kitabu gani alikiacha katikati, na kwa nini. Anayesema "majina yalikuwa mengi nikapotea" anahitaji orodha ya wahusika. Anayesema "kuna mtu aliniambia mwisho" mpe usimamizi siku hiyohiyo.

Jina la kundi nalo liangalie. Letu lilikuwa "Wachawi wa Jumamosi". Mama wa mwenzetu akaliona kwenye kioo cha simu, na kijana akajikuta sebuleni akijieleza mbele ya wajomba wawili na mzee wa kanisa. Siku hizi tuna jina la mti.

Hatua ya 2: Chagua kitabu kitakachokwisha

Anza na chembamba, na mlango wa nyumbani upo. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi iliyo angani, na mwaka 1952 akatoa Adili na Nduguze, chenye jini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa nyani. Kila kimoja kinamalizika kwa wiki mbili au tatu. Wengi wetu tulivisoma kwa ajili ya mtihani, tukakaririshwa dhamira na ujumbe, wala hakuna aliyetuambia kwamba tunaruhusiwa kushangaa. Visome tena ukiwa mtu mzima, na bila kalamu nyekundu.

Wembamba lakini hudanganya. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kijitabu cha kutia mfukoni, na ndiyo iliyokaribia kutuvunja. Ndoto inaingia ndani ya ndoto, na mtu ukimuuliza yuko wapi anakujibu "sijui, na nadhani hata mhusika hajui". Iache mpaka mzoeane.

Mkihamia vitabu vya nje, ulizeni kwanza kama mfululizo umekamilika. The Wheel of Time una vitabu 14, kuanzia 1990 hadi 2013, na mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki 2007. Brandon Sanderson ndiye aliyeumalizia. Ni mrefu, ila una mwisho. Mfululizo wa George R. R. Martin ulianza 1996, kitabu cha tano kikatoka 2011, na cha sita wasomaji bado wanakisubiri. Kundi changa likiingia humo bila kuambiwa, litafika ukingoni na kukuta daraja halijajengwa.

Mpangilio wa kusoma nao ni chanzo cha vita. Vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis vilitoka kati ya 1950 na 1956. Kile cha kabati la nguo ndicho kilichotangulia kutoka, lakini kinachosimulia namna nchi ile ilivyoumbwa kilitoka 1955, na matoleo ya siku hizi yamekipa namba moja. Lewis mwenyewe alimjibu mtoto mmoja kwa barua mwaka 1957 kwamba anaelekea kukubaliana na mpangilio wa matukio. Mimi, kwa heshima zote, nampinga. Mtoto anayefungua kabati na kukuta theluji badala ya ukuta anatakiwa ashangae, nawe ushangae naye. Ukishaelezwa mapema nchi ile imetoka wapi, kabati linabaki fenicha. Kura ya kundi letu ilikuwa saba kwa nne, na wale wanne hawajasahau.

Nakala zipatikane kihalali. Kusambaziana faili za wizi ni kumnyang'anya mwandishi, na mara nyingi faili zenyewe zimekatwa sura. Sisi tunanunua mitumba inayotandikwa barabarani Dar es Salaam na Nairobi, tunaazimana, tunaulizia maktaba. Kwa Kiingereza, tovuti ya Project Gutenberg ina vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha, kama vile vya nchi ya Oz vya L. Frank Baum, ambavyo cha kwanza ni cha mwaka 1900. Hivyo unapakua bure na havili bando sana.

Hatua ya 3: Kata kitabu vipande

Hesabu sura, kamwe usihesabu kurasa. Tuna mwenzetu Bujumbura anayesoma tafsiri ya Kifaransa, wengine Kiingereza, mmoja ana toleo la maandishi madogo kama sisimizi. Ukurasa wa 120 wa huyu ni wa 96 wa yule. Sura ya saba ni sura ya saba kote.

Chukua The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien. Watu huiona kama vitabu vitatu kwa sababu ilichapishwa hivyo, kati ya 1954 na 1955, lakini mwandishi aliiona kuwa riwaya moja, na ndani yake imegawanywa sehemu sita. Sura zote ni 62. Mkisoma mbili kwa wiki, ni wiki 31. Ukiandika hesabu hiyo kwenye maelezo ya kundi siku ya kwanza, mtu anajua kabisa kwamba ameingia safari ya miezi saba, anaamua kubaki au kushuka kituoni. Tuliianza tarehe 22 Septemba, maana ndiyo siku ya kuzaliwa ya Bilbo na Frodo, wahusika wake, na riwaya inafunguka kwa sherehe hiyo. The Hobbit, ya mwaka 1937, ina sura 19, kwa hiyo inakwenda wiki kumi.

Mwendo upangwe na yule wa polepole. Muulize yeye kwanza, faraghani, si mbele ya watu, maana mbele ya watu atajitutumua aseme sura tano. Akikwambia mbili, ni mbili. Wenye mbio wasome watakavyo, lakini midomo yao ibaki kwenye sura ya wiki.

Kila wiki awepo mtu wa zamu. Kazi yake ni ndogo: Jumatatu anatangaza sura, Alhamisi anauliza nani kakwama, Jumamosi saa tatu usiku anafungua baraza. Ukiacha kazi hii kwa mwanzilishi peke yake, atachoka mwezi wa tatu, na kundi litachoka naye.

Hatua ya 4: Sheria ya mtama

Wahenga walikataza kumwaga mtama penye kuku wengi. Kwetu hilo ni jina la kosa. Kufichua jambo la sura ambayo kundi halijafika ni kumwaga mtama, na adhabu yake ni kufungiwa mdomo wiki nzima, awe nani.

Shida ni kwamba wengi humwaga bila kujua. Nimeorodhesha aina nilizoshuhudia.

Kuna mtama wa kicheko. Mtu anaandika "subiri ufike sura ya 12, hahaha". Hajasema kitu, lakini sasa sura ya 11 yote unaisoma ukiwa umekunja shingo.

Kuna mtama wa huruma. "Mimi huyu mzee nampenda, maskini." Neno maskini limekwisha kumchimbia kaburi.

Kuna mtama wa picha: stika au tangazo la filamu lenye mhusika amevaa taji. Nani kavishwa taji ilikuwa siri ya kurasa mia tisa.

Wa hatari kuliko wote ni mtama wa filamu, kwa kuwa mwagaji hudhani kila mtu ameiona. Tena mara nyingine humwaga uongo. Filamu tatu za The Lord of the Rings alizoongoza Peter Jackson, za 2001 hadi 2003, zilimwacha nje mhusika Tom Bombadil, ambaye kitabuni ana sura zake. Mwenzetu aliyezijua filamu kwa moyo alipomkuta Bombadil akadai nakala yake imechezewa. Tulicheka mpaka majirani wa mtu fulani wakagonga ukuta.

Kama lazima useme jambo la mbele, zipo njia. Telegram ina namna ya kufunika maneno mpaka msomaji ayaguse kwa hiari. WhatsApp ukiacha mistari mitupu ya kutosha baada ya onyo, yaliyobaki yanajificha chini ya "Soma zaidi". Onyo liandikwe kwa ukamilifu: jina la kitabu na sura. "Tahadhari" tupu haimsaidii mtu, kwani hajui kama yeye amefika au hajafika. Ujumbe wa sauti kuhusu jambo la mbele sisi tumeupiga marufuku moja kwa moja. Maandishi unaweza kuyaruka kwa jicho, sauti ikishaingia sikioni haitoki.

Kisha fungueni chumba cha pili, kundi dogo la waliomaliza. Humo wapige kelele watakavyo. Bila chumba hicho, mwenye siri atapasuka.

Hatua ya 5: Kubalianeni maneno kabla hamjagombana

Hapa ndipo penye utamu, na wengi hupapita. Mnasoma kwa lugha tatu, mnazungumza kwa Kiswahili. Gandalf, yule mzee mwenye nguvu za ajabu wa The Lord of the Rings, ni nani kwa Kiswahili?

Wa kwanza kwetu alimwita mchawi, na nusu ya kundi wakaguna. Mchawi kwa Kiswahili anaroga, anadhuru, anatembea usiku akiwa uchi. Mganga anatibu, lakini anatoza. Neno la Kiingereza analoitwa Gandalf, wizard, lina asili yake katika hekima, na hekima hiyo inapotea ukishamwita mchawi. Tuliposoma A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, ambamo anayelijua jina la kweli la kitu ndiye anayekimudu, tukapata jibu: mjuzi. Tangu hapo Ged, shujaa wa kitabu hicho, ni mjuzi na Gandalf ni mjuzi. Mchawi amebaki kwa wanaostahili.

Wale warefu wenye masikio yaliyochongoka, elves kwa Kiingereza, walitusumbua zaidi. Jini likakataliwa na mwenzetu wa Pemba: majini kwake yana dini, koo na mahali pa kukaa, si watu wa kuimba msituni. Mwingine akapendekeza "Waelfu", mpaka mtu akaandika "Waelfu elfu mbili walifika" na baraza likavunjika kwa vicheko. Sasa ni Waelvi, basi.

Kwa wale wafupi wa migodini, dwarves kwa Kiingereza, mtu akasema mbilikimo. Mwenzetu wa Bukavu akaja juu, na alikuwa na haki. Neno hilo limetumika kuwabeza Watwa, watu halisi, majirani zake. Tukaomba radhi, tukawaita Wachimbamwamba. Jambo la namna hii likitokea, usilipitishe haraka. Usiku huo tulizungumza saa mbili kuhusu nani hugeuzwa kiumbe cha hadithi na nani hushika kalamu, na ni mazungumzo bora tuliyowahi kuwa nayo.

Zimwi halikuleta ubishi, wala joka. Tunawajua tangu kwa bibi.

Tolkien mwenyewe hakuridhishwa na tafsiri za mwanzo za Kidachi na Kiswidi, akaandika mwongozo wa majina kwa watafsiri, unaoonyesha lipi libaki lilivyo na lipi lihamishwe kwa maana yake. Kwa hiyo mchezo huu una baraka zake. Sisi tunaucheza kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi: mtu wa zamu anatoa jina, watu wanashindana. Aragorn, mhusika mwingine wa Tolkien, anapoonekana mara ya kwanza anaitwa Strider, yaani mtembea kwa hatua ndefu. Muuguzi wetu akajibu "Mkatambuga". Hakuna aliyethubutu kushindana naye. Mzee wa miti naye sasa ni Ndevumti.

Hatua ya 6: Uliza maswali yenye makali

"Mmeonaje sura hii?" ni swali la kuua baraza. Jibu lake ni "nzuri sana" na kidole gumba.

Uliza nani analipa. Kila ulimwengu wa ajabu una bei ya nguvu zake: mwili, kumbukumbu, rafiki. Pakikosekana bei, mwandishi anadanganya, na kundi lina haki ya kumshika shati. Uliza wanakula nini na nani analima. Uliza ni nani hana jina humo ndani. Uliza ramani inaishia wapi, na kwa nini hapo.

Uliza pia la moyoni. Adili alilazimishwa kuwachapa viboko kila usiku wale nyani wawili, na nyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu. Tuliuliza: ukimchapa nduguyo kwa amri ya jini, kiboko ni cha nani? Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa kimya wiki tatu akaandika ujumbe mrefu kuhusu kaka yake na shamba la urithi. Hakumtaja jini hata mara moja, na kila mtu alielewa kuwa anajibu swali.

Kwenye Kusadikika uliza kwa nini nchi iwe angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko. Kitabu kilitoka wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza. Waache watu waunganishe wenyewe. Na mkifika kwa Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, msieleze jina la nchi ile. Mwambieni kila mtu alitamke polepole, silabi kwa silabi, kisha msubiri. Mmoja wetu alilipata akiwa kwenye foleni ya benki, akatupigia simu.

Hatua ya 7: Ugomvi, ukimya na wiki tupu

Ubishi uachwe uwake, mradi unahusu kitabu. Ukihamia kwa mtu, kama vile "wewe huelewi kwa sababu hukusoma chuo", msimamizi afunge kundi dakika kumi ili yeye tu aweze kuandika. Dakika kumi zinatosha, mtu anakwenda kunywa maji.

Aliyenyamaza wiki mbili mtafute pembeni, na usimuulize amefika sura ya ngapi. Muulize hajambo. Mara nyingi kuna mgonjwa nyumbani, au ni aibu ya kubaki nyuma. Mwambie wazi kwamba anaruhusiwa kurudi hapo alipo.

Kitabu kikiisha, acheni wiki moja bila kitabu. Msipige kura siku hiyohiyo, kwa sababu kila mtu atataka kingine kinachofanana na kilichoisha.

Yule muuguzi wetu mwaka jana alihamishiwa kituo cha mbali, zamu zikaongezeka, akatuomba tusimsubiri. Tulimaliza sura ya 62 bila yeye. Amebakiza sita. Kila Jumamosi saa tatu anatutumia ujumbe wa sauti akibashiri kitakachotokea, na anakosea vibaya sana, kwa uhakika wa mtu aliyewahi kupindisha sindano na kuinyoosha. Sisi kumi tunamjibu kwa stika moja tu, ya kuku aliyefunga mdomo.